Kazi Iliyoachwa Nusu: Kinyesi, Mkojo na Mji wa Mombasa

Mheshimiwa mwenyekiti, masheikh na wachungaji mliohudhuria, walimu wenzangu, wazazi wangu na vijana: Assalaam alaykum, na nyote hamjambo.

Nimealikwa nizungumze juu ya kinyesi na mkojo, wa wanyama na wa binadamu, mbele ya watu wazima waliovaa kanzu safi na mabuibui yaliyofukizwa udi, nami najua kwamba katika mji huu mambo ya chooni hayazungumzwi barazani. Nitajitahidi kuyaeleza kwa adabu, ila sitayaeleza kwa mafumbo, kwa sababu mafumbo ndiyo yaliyotufanya tusiulize yanakokwenda baada ya kutoka kwetu.

Hoja yangu ni moja. Mnyama hukifanyia chakula kazi kwa kadiri ya uwezo wake, kisha hukiacha kazi ikiwa haijesha, na kiumbe mwingine, mara nyingi mdogo asiyeonekana kwa macho, huichukua pale ilipoachwa na kuiendeleza kwa muda wake. Anapokuwepo kiumbe huyo, na akapewa muda huo, hupatikana manukato, mchanga, udongo, dawa, mbolea na moto wa kupikia. Anapokosekana yeye, au ukikosekana muda, hupatikana inzi, minyoo na kipindupindu. Kitu ni kilekile.

Nianze na harufu nzuri ili msinikimbie. Ambari, ambayo wazee wetu waliitia katika manukato na katika dawa, hutoka tumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno, yule anayezama kina kirefu kuwinda ngisi. Ngisi ana midomo migumu isiyomeng'enyeka, na katika nyangumi wachache midomo hiyo hukwama kwenye utumbo, ikazungukwa na uto mzito, tabaka juu ya tabaka, hadi likawa donge, na donge likatoka baharini. Likiwa bichi lina rangi nyeusi na linanuka kinyesi, wala hakuna bibi harusi wa Mombasa atakayekubali kupakwa. Thamani yake hutengenezwa baadaye. Ndani ya donge hilo kuna kemikali iitwayo ambreini, ambayo yenyewe haina harufu, na maji ya chumvi, jua na hewa huivunja polepole ikazaa kemikali nyingine zenye harufu tunayoijua, kazi inayoweza kuchukua miaka mingi ya kuelea. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani ya Zanj katika karne ya 10, aliandika kwamba ambari bora ni ile ya pwani hii. Na katika Sahihi ya Bukhari, katika milango ya zaka, imepokewa kauli ya Ibn Abbas kwamba ambari haihesabiwi kuwa hazina ya ardhini, kwani ni kitu tu kilichotupwa nje na bahari. Babu zetu, basi, waliokuwa wakiwauzia wageni wa majahazi bidhaa hiyo kwa bei ya juu, walikuwa wakiuza uchafu wa tumbo la nyangumi uliopewa muda wa kutosha.

Mchanga nitausema kwa ufupi. Pono, ambaye sisi humtaja kwa usingizi wake tukasahau anachofanya mchana, hukwangua matumbawe kwa meno yaliyoshikana akitafuta mwani, na jiwe alilolimeza hulisaga kwa meno mengine yaliyo kooni, kisha hulitoa nyuma likiwa mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kisiwa cha Vakkaru huko Maldivi ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaozalishwa na miamba ya pale kila mwaka unatoka kwa samaki huyu. Pwani yetu ina mito inayoleta mchanga wake kutoka bara, na kwa hiyo siwezi kuihamishia hesabu hiyo Nyali au Diani kama ilivyo, lakini pono wako katika miamba yetu pia, na mtalii anayelala juu ya mchanga mweupe akipiga picha huenda amelalia kazi yao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Bamburi, nao wengi wenu mmeukanyaga bila kuambiwa. Kiwanda cha saruji kilianza kazi pale mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya kale, na baada ya miaka kadhaa kikawa kimeacha mashimo makubwa meupe yasiyo na udongo hata kidogo, yanayowaka joto mchana, na chini yake maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kazi ya kuotesha miti katika jangwa hilo. Alijaribu aina 26, na zilizosalimika zilikuwa tatu. Mmoja wao ulikuwa mvinje, mti unaovumilia chumvi na ambao mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa nitrojeni kutoka hewani, na kwa hiyo hauhitaji udongo wenye rutuba ili uanze maisha.

Mvinje ulikua. Tatizo lilikuwa chini yake. Majani yake, ambayo ni membamba mfano wa sindano, yana kemikali iitwayo tanini kwa wingi, na bakteria wa kawaida hawakuweza kuyaozesha. Yakaanguka, yakarundikana, yakakauka, na mwamba ukabaki mwamba. Haller ndipo alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu, huyu tunayemfagia nje msimu wa mvua, akiyala majani hayo. Akaleta jongoo wengi sana. Jongoo waliyatafuna majani, bakteria wa matumboni mwao wakaendeleza kazi, na vidonge vidogo vyeusi walivyoviacha vikawa chakula cha bakteria wengine, na hatimaye vikawa udongo ambao miti mingine, isiyo na ustahimilivu wa mvinje, iliweza kuota. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake; pale Bamburi waliletwa jongoo, na msitu ukaja nyuma yao. Watoto wetu wanapokwenda kulisha twiga huko Haller Park, wanatembea juu ya kinyesi cha jongoo cha miaka hamsini, na sijui kwa nini kibao cha mlangoni hakilisemi jambo hilo kwa herufi kubwa zaidi.

Sasa tazameni mahali alipokosekana kiumbe wa kuendeleza kazi. Waingereza walipeleka ng'ombe Australia kuanzia mwaka 1788. Dundu wa mavi wa nchi hiyo walikuwa wamezoea kinyesi kikavu na kidogo cha kangaruu, na kile chepesi, kipana na chenye maji cha ng'ombe hawakujua wakifanyie nini. Kikabaki juu ya malisho kwa miezi mingi, kikaua nyasi zilizo chini yake na kuzalisha inzi kiasi kwamba inzi wakawa sehemu ya sifa ya nchi. Mwanasayansi mzaliwa wa Hungary, George Bornemissza, ndiye aliyetambua kwamba kilichokosekana ni mdudu, na kuanzia mwaka 1968 Australia ikaanza kuwaachia huru dundu wa kigeni, wengi wao wakiwa wametoka Afrika, ambako mdudu huyu amezoeana na nyati na tembo tangu zamani. Dundu hao waliviringisha, wakafukia, hewa na maji vikaingia ardhini, na inzi wakakosa mahali pa kutagia. Nchi tajiri ilikuja kutafuta mafundi wa usafi kwetu, na tuliwapa bila malipo.

Na wakati mwingine thamani iko palepale kazi ilipoachwa. Tembo hameng'enyi hata nusu ya kile anachokula, na kinachotoka ni nyuzi za majani na magome zilizotafunwa na kulowekwa tayari, ambazo kiwanda cha karatasi kingehitaji mashine kuzipata. Kule Kwale, katika hifadhi ya Mwaluganje, kinyesi hicho huoshwa, kikachemshwa, kikapondwa na kuanikwa kuwa karatasi na kadi za kuuzia wageni, na haina harufu. Ni biashara ndogo, wala haitamtoa mkulima katika umaskini, lakini inampa sababu ya ziada ya kumvumilia mnyama anayemlia mahindi.

Nije sasa kwetu sisi wenyewe. Mtu mzima hutoa wastani wa takriban gramu 128 za kinyesi kwa siku, na robo tatu ya uzito huo ni maji. Katika sehemu kavu, kati ya robo na nusu ni miili ya bakteria, walio hai na waliokufa, kwa hiyo tunachokidhani kuwa mabaki ya ugali na mchuzi kwa kiasi kikubwa ni kundi la viumbe lililokuwa likitufanyia kazi. Rangi yake imetokana na damu. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, zikivunjika hutoa kitu cha rangi ya manjano kiitwacho bilirubini, ini hukimwaga utumboni pamoja na nyongo, na bakteria hukigeuza hatua kwa hatua kuwa kahawia. Umanjano wa mkojo una chimbuko hilohilo, na kimeng'enya cha bakteria kinachoanzisha mageuzi hayo kilitambuliwa mwaka 2024 tu, baada ya binadamu kuutazama mkojo wake kwa maelfu ya miaka. Daktari anapomuuliza mama rangi ya choo cha mtoto hafanyi upekuzi. Choo kilichopauka kama chaki humwambia kwamba nyongo haifiki utumboni.

Kwa vile kundi hilo la viumbe ni sehemu ya mwili wetu, linaweza kuharibika na linaweza kupandikizwa. Mtu aliyepewa dawa kali za kuua bakteria huweza kubaki na utumbo uliofagiliwa, na bakteria mmoja mbaya, Clostridioides difficile, akautawala na kumharisha hadi kufa. Katika vitabu vya tiba vya China vya karne ya 4 kuna maelezo ya kumnywesha mgonjwa wa kuhara maji yaliyochanganywa na kinyesi cha mtu mwenye afya, na wengi waliyasoma wakayacheka. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lao: kati ya wagonjwa 16 waliotiwa kinyesi kilichochujwa, kupitia mrija wa puani ulioshushwa hadi kwenye utumbo, 13 walipona mara ya kwanza na wengine wawili baada ya kurudia, hali kati ya 13 waliopewa dawa ya kawaida peke yake walipona wanne. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, maana halikuwa jambo la haki kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hiyo. Nawasihi msijaribu nyumbani. Mtoaji hupimwa magonjwa mengi kabla hajakubaliwa, na kilichomponya mmoja kikiwa na kidudu kisichoonekana humuua mwingine.

Mkojo nao una hadithi zake za hospitali. Mwanamke akishakoma hedhi, ubongo wake huendelea kutuma homoni za kuyaamsha mayai, tena kwa wingi kuliko zamani, kwa kuwa haupati jawabu, na homoni hizo hutoka katika mkojo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mwanakemia wa Italia, Piero Donini, alizitenga. Ili kuwatibu wanawake wasioshika mimba ulihitajika mkojo mwingi, wa wanawake wazee wengi wanaoishi pamoja na ambao hakuna shaka kwamba hawana mimba, na mahali pa kuupata palikuwa katika nyumba za masista wa Kikatoliki. Mtoto wa kwanza aliyetokana na dawa hiyo alizaliwa Israel mwaka 1962. Siku hizi homoni hizo nyingi hutengenezwa maabara, lakini kuna watu wazima leo waliozaliwa kwa msaada wa wanawake walioweka nadhiri ya kutozaa, na wala hawakuombwa chochote ila kile walichokuwa wakikimwaga kila asubuhi.

Hata majitaka yenyewe husomeka. Mwezi Machi 2018 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo vilipatikana katika sampuli ya majitaka ya Eastleigh, Nairobi, kabla mtoto yeyote wa mtaa huo hajapooza, na kampeni za chanjo zikafuata. Hakuna mama aliyeulizwa swali, wala mtoto aliyechomwa sindano ya kutolewa damu. Mtaa mzima ulipimwa kwa chupa moja ya maji machafu.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye mbolea, na hapa nitawaomba mvumilie kwa kirefu kidogo, kwa sababu jambo hili linapita mbele ya macho yetu bandarini kila mwezi.

Mmea unahitaji nitrojeni, fosforasi na potasiamu, na mnyama akimla mmea huo anavirudisha karibu vyote. Fosforasi yenyewe iligunduliwa katika mkojo, mwaka 1669, huko Hamburg, na Hennig Brand aliyekuwa akiuchemsha kwa wingi akitafuta dhahabu, akapata badala yake kitu kinachong'aa gizani. Katika karne ya 19 mashamba ya Ulaya yalipochoka, tiba ilikuwa guano, yaani kinyesi cha ndege wa baharini, kilichorundikana kwa makumi ya mita katika visiwa vya Chincha vya Peru, mahali ambapo mvua hainyeshi na kwa hiyo nitrojeni haikuwa imesombwa. Kwa ajili ya rundo hilo Marekani ilipitisha sheria mwaka 1856 ya kuwaruhusu raia wake kutwaa visiwa vyenye guano visivyo na mwenyewe, Uhispania ikavikalia visiwa vya Chincha mwaka 1864 na vita vikazuka, na vibarua kutoka China walichimba vumbi hilo katika hali ambayo haikutofautiana sana na utumwa. Rundo lilikwisha katika miongo michache. Ndipo Mjerumani Fritz Haber, mwaka 1909, alipoonyesha namna ya kuitoa nitrojeni hewani na kuifanya amonia, Carl Bosch akaikuza kazi hiyo kuwa kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza. Mbolea ya nitrojeni ya dukani tunayoijua leo imetoka katika njia hiyo, nayo hula gesi asilia nyingi, na ndiyo maana vita vikitokea mbali bei ya gunia hupanda Kitale.

Magunia hayo hushuka hapa Kilindini. Sasa fanyeni hesabu nami. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mtu mmoja, kwa kadirio la chini linalozingatia vyakula vyetu, hutoa kiasi cha kilo 2 za nitrojeni kwa mwaka, sehemu kubwa sana ikiwa katika mkojo. Hizo ni zaidi ya tani 2,400. Yurea, mbolea ya nitrojeni ya dukani, ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mji huu huzalisha kila mwaka nitrojeni inayolingana na zaidi ya magunia laki moja ya yurea ya kilo 50. Meli zinaingia na mbolea kwa lango la Kilindini, na sisi, upande wa pili wa kisiwa, tunaitoa kwa lango la Tudor.

Mtaniuliza, je, bahari haiwezi kuipokea? Wanaotaka jawabu wautazame Mto Mara. Watafiti walikadiria, mwaka 2018, kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa mto huo wanautia takriban kilo 8,500 za kinyesi kila siku. Maji yakiwa mengi yanayotembea, kinyesi hicho hulisha wadudu na samaki hadi mbali. Maji yakipungua, kinyesi hujikusanya katika vidimbwi, bakteria wanaokila huimaliza oksijeni yote, na mvua kubwa ya kwanza inapousukuma uozo huo chini, samaki hufa kwa maelfu. Mnyama hajakosea kitu, na bakteria wala si wabaya. Mzigo tu umezidi muda uliopo. Hori ya Tudor na ya Makupa ni vidimbwi vyetu, na mikoko inayotusaidia kuchuja tunaikata kwa boriti na kuni.

Lakini sehemu kubwa zaidi ya kinyesi cha Mombasa haifiki baharini kwa bomba. Iko chini ya nyumba zetu, katika vyoo vya shimo na matangi, na chini ya nyumba hizo ni mwamba wa matumbawe. Mahali penye udongo wa mfinyanzi au mchanga mzuri, maji ya choo hupenya polepole, na njiani vijidudu hunaswa au hufa kwa njaa. Matumbawe yana nyufa na mapango, na maji yakipata ufa hayachujwi na chochote. Yaliyoingia shimoni Kisauni leo yanaweza kuwa katika kisima cha jirani kabla vijidudu havijafa. Sisi huyaita maji ya chumvi na kusema ni ya kuoshea tu, kisha bomba likikauka wiki mbili tunayapigia mswaki. Jiwe lililotujengea Ngome ya Yesu na misikiti yetu ndilo linalotunyima muda, na kwa sababu hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya vijiji vya bara, kwamba kisima kiwe umbali wa mita kadhaa kutoka choo, hapa kwetu hauna dhamana.

Kinyesi kibichi cha binadamu hakifai shambani, na ningependa hilo lisikike kuliko yote niliyoyasema. Mayai ya minyoo huishi ardhini kwa miaka. Yanayoyaua ni joto na muda: mboji ikipikwa vizuri hupanda kupita nyuzi 50 na kukaa hapo kwa siku nyingi, au kinyesi kikaushwe na kuchomwa. Kampuni ya maji ya mji wa Nakuru iliingia njia hiyo ya pili. Uchafu wa vyoo hukaushwa, huchomwa katika tanuri bila hewa ya kutosha, huchanganywa na vumbi la mbao lililochomwa na molasi, na kutolewa vikiwa viduara vya makaa. Wapo pia wanaowalisha funza wa inzi askari mweusi, kisha funza wakawa chakula cha kuku. Na kuna gesi: ndani ya tangi lisilo na hewa makundi ya viumbe hupokezana, wa kwanza wakivunja, wa pili wakichachusha, na wa mwisho, ambao oksijeni huwaua, wakitoa methani, gesi inayowaka. Hupenda joto la nyuzi 35 hivi, kwa hiyo joto la Mombasa tunalolilalamikia huwafaa kuliko baridi ya Limuru. Nawashangaa wenye vichinjio na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa mji huu wanaonunua mitungi ya gesi.

Masheikh watanisahihisha katika hili. Katika fiqhi ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani tunaifuata, kinyesi ni najisi, na wakati huohuo wanazuoni wameruhusu kukitia shambani, ingawa kwa karaha, na mmea unaoota hapo huliwa. Kwa maoni yangu kizuizi chetu hakiko katika dini. Kiko katika kuona haya, na haya hiyo tumewabebesha wale vijana wanaoingia mashimoni usiku kwa ndoo na kamba, bila glavu wala buti, kwa sababu gari la kunyonya haliingii katika vichochoro vya mitaa yao, kisha asubuhi hatuwapi mkono. Kazi yao ndiyo kiungo cha kwanza cha kila nililolisema, na kaunti ingeanza kwa kuwapa chanjo, mavazi, leseni na mahali halali pa kumwaga.

Kwa mji mzima hilo ni suala la wahandisi na bajeti. Namibia ilianza mwaka 1968, pale Windhoek, kuyasafisha majitaka hadi yakarudi mifereji ya kunywa, kwa kuwa ni nchi kavu na haikuwa na chaguo. Mimi napendekeza tuanze na kidogo kisichohitaji mkopo, yaani mkojo wa shule, kwa sababu mkojo wa mtu mwenye afya una vijidudu vichache sana ukilinganishwa na kinyesi, na hatari yake kubwa ni kuchanganyika nacho.

Tuchukue shule ya wanafunzi 800, kila mmoja akiacha nusu lita kwa siku katika vyoo vilivyojengwa kutenganisha mkojo na kinyesi. Hizo ni lita 400 kwa siku, na kwa muhula mmoja na nusu, kiasi cha siku 95 za masomo, ni lita 38,000, ambazo zitajaza takriban matangi manne ya lita 10,000. Tangi likijaa lifungwe kabisa. Ndani yake yurea iliyomo katika mkojo hugeuka amonia, amonia hupandisha ukali wa maji, ule wa magadi na si wa ndimu, na ukali huo pamoja na joto letu huua vijidudu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi sita katika nyuzi 20 au zaidi, na wastani wa joto la Mombasa uko juu ya hapo. Kifuniko kikiachwa wazi, nitrojeni hupaa, na ile harufu kali inayompokea abiria katika choo cha steji ni mbolea inayopotea hewani. Matangi manne mengine yanajazwa wakati haya yamelala. Kwa mwaka, nikihesabu gramu 4 za nitrojeni kwa lita, shule hiyo itakuwa na kilo 300 hivi, sawa na magunia 13 ya yurea.

Ugumu uko katika uzito. Lita 38,000 ni tani 38, na ukizipakia lori hadi Kilifi, mafuta yatakula faida yote. Kwa hiyo shamba lazima liwe karibu: minazi na miembe ya uwanja wa shule, migomba, mihogo, na majani ya kulishia ng'ombe wa jirani. Mkojo uchanganywe na maji sehemu tatu au zaidi, umwagwe katika mfereji mdogo kandokando ya shina, ufukiwe mara moja, usirushiwe majani, na umwagiliaji huo usimamishwe mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Mboga zinazoliwa mbichi ziachwe kabisa katika miaka ya kwanza, hadi mafundi na wazazi wawe wameizoea kazi na maabara imepima. Walimu wa kemia na wa kilimo mlio hapa, vifaa vya kupimia ukali wa maji mnavyo kabatini, na mwenyekiti amenionyesha kwamba dakika zangu zimekwisha. Walio na maswali juu ya ujenzi wa vyoo vyenyewe wamuone fundi aliyeketi safu ya mbele, mwenye mchoro na makadirio ya bei.